Benki ilifungwa, cherehani zikaendelea

Aprili 23, 2013, nguzo za jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh, zilionekana zimepasuka. Watu wakatolewa, na mhandisi aliyeitwa akasema jengo halifai kukaliwa. Kesho yake tawi la benki lililokuwa ghorofa za chini halikufunguliwa. Huko juu, kwenye viwanda vitano vya nguo, mafundi cherehani waliamriwa kuingia, wengine kwa tishio la kunyimwa mshahara wa mwezi. Umeme ukakatika, majenereta ya ghorofa za juu yakawashwa, na kabla ya saa tatu asubuhi jengo likawa chini. Walikufa zaidi ya watu 1,100.

Ajali ya namna hii ikitokea, lawama huenda kwa sheria dhaifu, wakaguzi wachache na rushwa. Si uongo: ghorofa za juu ziliongezwa bila kibali halali. Viwanda viwili vilikuwa vimekaguliwa kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya, yaani kampuni za mavazi, ila ukaguzi huo haukuhusu uimara wa jengo. Mkaguzi alitazama alichotumwa kutazama.

Lakini benki nayo ilikuwa chini ya sheria ileile, juu ya nguzo zilezile. Karani wake aliweza kubaki nyumbani. Fundi cherehani, ambaye kima cha chini cha mshahara wake kilikuwa taka (sarafu ya Bangladesh) 3,000 kwa mwezi, hata dola 40 hazifiki, angebaki nyumbani ale nini? Ndiyo maana nasita ninaposikia dawa ni kupandisha faini.

Wenye viwanda nao wasikilizwe. Bei hupangwa na mnunuzi, na mzigo ukichelewa, nauli ya kuupeleka kwa ndege mara nyingi huwa juu ya kiwanda. Mkataba uliotiwa saini Mei 2013 kati ya kampuni za mavazi na vyama vya wafanyakazi uliwabana wanunuzi kisheria, ripoti zikawekwa hadharani, na mfanyakazi akapata haki ya kukataa jengo la hatari bila kukatwa ujira. Viwanda vingi vilirekebishwa kweli. Wenye viwanda wakalalamika kwamba milango ya moto wamenunua wao, na bei ya shati iko palepale. Hapo sina la kuwabishia.

Kwetu, sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumrudisha mfanyakazi penye hatari kabla haijaondolewa. Inamfaa aliyeajiriwa. Kibarua wa siku hafukuzwi. Kesho alfajiri, getini, haitwi tu.