Gari la haidrojeni linakula umeme wa nani?

Tangu Toyota ianze kuuza Mirai, gari lake la haidrojeni, nchini Japani, Desemba 2014, sifa yake kubwa ni kwamba bomba lake la nyuma halitoi moshi bali maji. Ni kweli. Ndani ya gari haidrojeni inakutana na oksijeni ya hewani, umeme unapatikana, motor inazunguka. Lakini Japani haina visima vya haidrojeni. Lazima itengenezwe, na kuitengeneza kunakula nishati nyingi kuliko ile itakayorudisha.

Tupige hesabu ya tangi moja. Mirai ya sasa inabeba kilo 5.6. Kutenganisha maji kwa umeme hadi upate kilo moja ya haidrojeni kunachukua uniti 50 hadi 55. Ongeza umeme wa kuishindilia kwa mgandamizo wa baa 700 (mara 700 hivi ya ule wa hewa ya kawaida), tangi limeshakula uniti 300 hivi, na gari litakwenda takriban kilomita 640. Uniti hizohizo kwenye gari la betri, hata ukiondoa zinazopotea wakati wa kuchaji, zinakufikisha zaidi ya kilomita 1,500.

Ingekuwa hesabu ni hiyo tu, mjadala ungeishia hapo. Ila wanaoitetea haidrojeni wana hoja nzito kuliko ile ya kujaza tangi kwa dakika tano. Japani inaagiza karibu asilimia 90 ya nishati yake kutoka nje, na umeme wa jua la Australia huwezi kuupakia melini, haidrojeni unaweza. Hata nyumbani kwao, kisiwani Kyushu, tangu Oktoba 2018 kuna siku za jua kali ambapo mitambo ya sola huamriwa ipunguze uzalishaji kwa kuwa umeme hauna mnunuzi. Umeme ambao ungepotea wote, ukiokoa hata theluthi yake, si haba. Ndiyo mantiki ya kiwanda cha haidrojeni cha Namie, Fukushima, kilichofunguliwa Machi 2020 kikiwa na sola ya megawati 20. Tatizo ni kwamba mtambo ghali unaosubiri ziada ya saa chache za mchana unachelewa mno kurudisha gharama zake.

Na hiyo meli? Ilikwenda kweli. Suiso Frontier iliondoka bandari ya Hastings, jimbo la Victoria, Australia, Januari 2022, ikatia nanga Kobe Februari, haidrojeni ikiwa imepozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Mradi wenyewe, hata hivyo, haukuegemea jua bali makaa ya mawe ya kahawia ya bonde la Latrobe. Hewa ukaa ilipangwa kuja kuzikwa chini ya bahari. Katika majaribio haikuzikwa.

Hapo ndipo utetezi unaponilegea. Mwaka 2022 dunia ilitengeneza takriban tani milioni 95 za haidrojeni, na iliyo safi, yaani iliyotengenezwa bila kuachia hewa ukaa nyingi angani, haikufika asilimia moja. Nyingi inatokana na gesi asilia, ambapo kila kilo huacha kilo 9 hadi 10 za hewa ukaa. Gawanya kwa mwendo wa Mirai: gramu 80 hadi 90 kwa kilomita. Prius, gari la petroli la Toyota lenye betri ya kusaidia, haiko mbali na hapo, na haihitaji kituo maalumu.

Japani ilitaka magari 40,000 ya haidrojeni ifikapo 2020. Mwaka huo ukapita hata 10,000 hayajafika. Kwa maoni yangu, gari dogo liachiwe betri. Haidrojeni safi, ambayo bado ni chache, iende kwenye malori ya masafa marefu, viwanda vya chuma na mbolea, ambako betri haisaidii sana au haisaidii kabisa. Kenya, yenye mvuke wa ardhini wa Olkaria ambao usiku mwingine huachiwa hewani kwa kukosa watumiaji wa umeme, ilitoa mkakati wake wa haidrojeni Septemba 2023 ikaanza na mbolea, si magari. Naona imechagua vizuri, maana mbolea tunaagiza kwa dola kila msimu.