Eti Feni ni Feni

Aliyesema feni ni feni, nionyesheni anakoishi.

Nina mashine ya kuchonga mbao niliyojiundia hapa Kariobangi. Kompyuta inaiongoza, na zile draiva za mota, vile vibao vya umeme vinavyoziendesha, nimezifungia kwenye boksi la bati ili vumbi la mbao lisizifikie. Vumbi halikuzifikia, ni kweli. Lakini boksi lisilo na tundu ni jiko. Draiva zikawa zinachemka, mota zinasita katikati ya kazi. Nikasema naenda Luthuli, kwenye maduka ya elektroniki mjini, mara moja, nanunua feni, narudi.

Kila duka: "Boss, saizi gani?" Saizi! Kana kwamba nimekuja kununua viatu. Volti hakuna anayeuliza. Nikabeba ya milimita 120, ya kompyuta, volti 12. Pawasaplai yangu inatoa 24. Nikajiambia si itazunguka kwa kasi kidogo tu? Ilizunguka, jamani! Ilizunguka kama inataka kuhama na boksi. Kisha ikaja ile harufu.

Jumamosi ya pili nikauziwa ya volti 240, ya stima ya ukutani. "Hii ni chuma, mzee, haifi." Na haikufa. Ila ilivyonguruma, mama watoto alitoka jikoni kuuliza nani ameleta kinu cha posho. Halafu 240 ikae hapo kando ya vidole vyangu kila nikifungua kifuniko? La.

Fundi mmoja wa mtaani, mwenye maneno kuliko zana, akanipa hesabu: funga mbili za 12 mfululizo, 12 na 12 ni 24. Hesabu tamu. Sasa moja ilikuwa ya ampea 0.15, nyingine 0.30. Ile ndogo ikajinyakulia volti nyingi, ikalia kama nzi chupani; kubwa ikajikokota kama karani siku ya Ijumaa. Kumbe mpango huo unataka mapacha.

Mwisho nikaweka kile kibao cha kushusha volti, kidogo kama kiberiti, chenye skrubu ya shaba. Unazungusha, multimeta haisogei. Unazungusha tena. Nishaanza kumtukana muuzaji kimoyomoyo, ghafla namba zikaanza kuporomoka hadi 12. Feni nikaielekeza isukume hewa ndani, ya moto itokee matundu niliyotoboa juu, na mdomoni nikaivisha chujio: soksi ya nailoni ya mama watoto. Sikuomba ruhusa.

Sasa ni Julai, na baridi ya Nairobi mnaijua, nguo zinashinda kwenye kamba siku tatu. Jana draiva zikachemka tena. Napima, volti 12 kamili. Feni inazunguka vizuri. Nikainua macho: juu ya boksi, matundu yote yamefunikwa na soksi za shule, zimepangwa mbilimbili.

"Baba Kevo, usiziguse. Ni za kesho hizo."