Magofu yao yana majina ya watu, yetu yana vipimo

Huku Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti ninakofanya kazi ya kutunza wazee, gofu la kanisa huitwa kwa jina la mtu, mtakatifu wa zamani. Egilsay kuna la Magnus, Papa Westray kuna la Tredwell. Sisi Kilwa Kisiwani tuna Msikiti Mkuu na Msikiti Mdogo wa Kuba. Ukubwa na umbo, basi. Ndivyo vitabu na ramani za watalii zinavyotuambia, na sisi tumepokea. Linanikera.

Magnus alitawala visiwa hivi pamoja na binamu yake Håkon, wakagombana. Mnamo 1117 hivi walipatana wakutane Egilsay wamalize ugomvi. Håkon akaja na watu wengi kuliko walivyoahidiana, na mpishi wake ndiye aliyetumwa ampasue Magnus kichwa kwa shoka. Mwaka 1137 mpwa wa marehemu, Rögnvald, alianza kumjengea kanisa kuu mjini Kirkwall. Mwaka 1919 ikakutwa mifupa imefichwa ndani ya nguzo ya kanisa hilo, na fuvu lina jeraha. Kanisa la Egilsay lenyewe halina paa. Mnara wake wa mviringo umekatika juu, nyasi ndani zimefyekwa vizuri, na upepo wa pale hauna adabu. Kisiwa kizima wakazi hawafiki hamsini.

Sasa cha ajabu ni hiki: Waskoti waliachana rasmi na mambo ya kuomba watakatifu tangu 1560. Wazee ninaowahudumia ni Wapresbiteri, au hawana dini kabisa. Mwambie mmoja amwombe Magnus, atakucheka mpaka akohoe. Lakini jina analo, na kisa anacho. Habari za Tredwell nilisimuliwa na bibi mmoja nikiwa namtia dawa ya macho: binti aliyejing'oa macho akampelekea mfalme aliyekuwa akiyasifia, tangu hapo wenye maradhi ya macho wakawa wanakwenda kwenye ziwa lake na kulizunguka. Hata baada ya 1560 waliendelea kwenda, wachungaji wakafoka wakachoka. Bibi alimaliza, akafumba jicho, akaniambia niendelee na kazi.

Kuna na kisiwa cha Eynhallow, ambacho jina lake kwa lugha ya zamani ya Kinorse ni Kisiwa Kitakatifu. Watu waliishi hapo wakilima na kufuga. Mwaka 1851, baada ya homa kuwapiga, wakahamishwa na nyumba zao zikaezuliwa. Paa zilipotoka ndipo ikaonekana kwamba kuta walizokuwa wakilala ndani yake zilikuwa za kanisa la zamani. Jengo lilikuwa limesahaulika, lakini jina halikuacha kusema.

Tusiwasifu kupita kiasi. Visiwa vya St Kilda, kule magharibi mwa Uskoti, vinaitwa kwa mtakatifu ambaye hakuwahi kuwepo. Ni jina lililokosewa na wachora ramani. Makanisa halisi ya pale yalikuwa ya Kristo, ya Columba na ya Brendan, na watu wa mwisho waliondoka mwaka 1930.

Najua nitajibiwa: msikiti ni nyumba ya Mwenyezi Mungu, hauwekwi wakfu kwa walii. Kweli kabisa. Lakini tangu lini tukakosa kuuita kwa mtaa wake, au kwa aliyeujenga? Huo Msikiti Mkuu ulipanuliwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule yule wa jumba la Husuni Kubwa, aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Nani pale bandarini anamtaja? Na pale jina lilipobaki vinywani tunaona faida yake, hapo hapo Kisiwani: Makutani, Jangwani, Msikiti wa Malindi. Ukisikia Malindi tu umeshajua kuna watu walisafiri.

Jambo moja siwezi kuwaachia Waskoti. Kwetu magofu yana watu. Kisiwani mbuzi wanapita, watoto wanacheza, mama anaanika dagaa hatua chache kutoka kwenye kuta. Kule kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda karibu na Lamu, watu wa Shela bado wanavuka kwenda kuomba mvua penye kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1683. Egilsay hakuna anayeomba kitu. Kuna kibao safi na nyasi zilizofyekwa. Nikiambiwa nichague nitachukua mbuzi na dua, lakini sioni kwa nini nichague.

Wazee wetu wanakufa na majina. Huku majina yaliandikwa mapema, hata na wachungaji waliokuwa wakiyachukia. Sisi tunasubiri mtafiti aje na tochi na daftari, na akishatupatia "msikiti namba fulani" tunashukuru.

Kwa hiyo watu wa Kilwa, Songo Mnara na Sanje ya Kati: ule msikiti wa kuba, bibi zenu waliuitaje? Na ule wa karibu na kwenu, ulioota mibuyu? Waulizeni wiki hii. Mkipata majina matatu yasiyopatana, andikeni yote matatu.