Uzao wa Pazi Haubebi Mzigo

Basi mmeshaiona. Ile video ya sekunde 18, mimi nimesimama mbele ya shuka jeupe na fulana ya njano, mdomo wazi kama changu wa Feri. Mtani wangu aliirusha kwenye magrupu matatu kabla hata masufuria ya pilau hayajaoshwa, na chini yake akaandika neno moja tu: "Mwangaluka." Salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, jioni ile! Jumatatu mlinzi wa getini kazini naye ananisalimia hivyo hivyo. Sasa kwa kuwa kila mtu kashatia chumvi yake, na kuna wanaosema nililia (lilikuwa jasho, jamani, jasho), acheni nisimulie mwenyewe.

Kwa wageni: sisi ni Wazaramo wa Kisarawe, yeye ni Mnyamwezi wa Tabora. Utani wetu haukuanzia ofisini. Ulianzia njiani, enzi zile misafara ya pembe za ndovu inatoka Unyanyembe, huko huko Tabora, kushuka Bagamoyo, miezi mitatu hivi kwa miguu, kila mwanamume na frasila zake mbili begani, yaani kilo 30 na ushei. Wanyamwezi wanabeba. Wazaramo wamekaa njiani wanadai hongo: doti za merikani, kaniki, shanga, toa ndiyo upite. Mkigombana na kukaribishana hivyo miaka nenda rudi, mwisho wake mnakuwa watani. Ndiyo maana kwenye msiba wa mjomba wangu mtani aliingia kaburini akalala chali, akagoma kutoka mpaka apewe elfu 10. Na ndiyo maana nilipokwenda Tabora kumzika baba yake nililala barabarani mbele ya gari la jeneza, nikaondoka na elfu 20 na jogoo. Nikawaambia kwa sauti, "Babu zenu waliwalipa babu zangu, na nyie lipeni!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Kauli hiyo mniwekee, tutaihitaji.

Bibi yetu akafariki. Siku ya tatu Baba Mkubwa akaitisha kikao akasema arobaini isipite hivi hivi, vijana hawajui walikotoka, lazima historia ya ukoo isomwe. Wote wakanigeukia mimi, kwa sifa moja tu: nina kompyuta.

Tulichokuwa tunajua ni kimoja, kwamba babu yake Bibi alikuwa "mtu wa njia ya misafara." Mtu gani, hakuna aliyewahi kuuliza. Nikaanzia Bagamoyo kama mtafiti kweli kweli, na daftari kwapani. Nikapiga picha boma la Mjerumani. Nikapiga picha misheni ya mapadri iliyoanzishwa 1868, pamoja na mnara wa kanisa la kale ambako mwili wa Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Mkiniuliza Livingstone anaingiaje kwenye ukoo wa watu wa Kisarawe, sina jibu. Lakini alikuwa slaidi ya pili.

Ndipo nikaenda kwa Bibi Mdogo. Huyu ni mdogo wake marehemu, anakaribia miaka 90, na ndiye pekee aliyebaki aliyemwona huyo babu kwa macho yake alipokuwa mtoto. Nikampelekea sukari na doti ya kanga, nikamwamkia, nikaegemeza simu kwenye kinu, nikabonyeza kurekodi. Bibi Mdogo ana meno mawili na hayajawahi kukutana. Mchana ule alikuwa na ugoro mdomoni, na kuku walikuwa wanagombana chini ya kinu. Nikamuuliza, "Bibi, babu yenu alikuwa nani hasa?" Akajibu, na nawaapia nilisikia hivi: "Alikuwa paazi."

Pazi! Kwa msiojua, pazi ndicho cheo cha wakubwa wa Kizaramo wa kale. Ni kama mtu akuambie babu yako alikuwa sultani, kisha akuombe umsogezee kikombe. Vinyweleo vilinisimama. Nikachomoa simu ya pili nikaandika kwenye grupu la ukoo kwa herufi kubwa: SISI NI WATOTO WA PAZI. Baba Mkubwa akajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Shangazi wa Mbagala akapiga vigelegele. Binamu aliyeko Muscat akauliza kama kuna ardhi. Nikawa nawajibu mmoja mmoja, na Bibi Mdogo huku anaendelea kusimulia. Sikumdharau, jamani. Nilikuwa namwitikia. "Mhm, Bibi. Safi sana, Bibi."

Rekodi nzima ilikuwa dakika 52. Nyumbani nikasikiliza tisa.

Na dalili zilikuwepo! Marehemu Bibi alikuwa anakata viazi vitamu vipande vipande anavianika juani, anaviita michembe, na kijiji kizima hakuna nyumba nyingine iliyofanya hivyo. Mtani alipoikuta siku moja uani kwetu alishtuka kama aliyeona ndugu yake stendi ya Mbezi. Akala sahani nzima. Mimi nikamwambia hicho ni chakula cha kwetu cha kale, asijisahau.

Basi nikachapisha fulana. Sitini. Za njano. Kifuani "Uzao wa Pazi", mgongoni maneno niliyoyatunga mwenyewe saa nane za usiku nikajiona mshairi: "Haubebi Mzigo". Elfu 12 moja. Hesabu pigeni wenyewe, mimi nimeshachoka kuipiga.

Siku ya arobaini mtani akaja mapema, kama inavyompasa. Gunia la mkaa lilikuwa limeshushwa kule barabarani. Nikamwonyesha kwa kidole: "Mtani, kazi ya babu yako ile pale." Akalibeba. Akalifikisha jikoni, akajifuta, akaniambia ahsante. Mtu ambaye akiombwa chumvi mezani anadai risiti! Hapo ndipo ningeshtuka. Sikushtuka.

Hitima ikasomwa, watu wakala, wakashiba. Saa tisa tukateremsha maturubai pande zote ili projekta ionekane, na ndani tukaiva kama mikate ya ajemi. Spika tuliazima kwa jirani anayepiga muziki wa kigodoro; ina kimo cha friji. Nikapitia slaidi zangu. Ramani. Livingstone. Hongo, ambapo nilimwomba mtani asimame watu wamwone Mnyamwezi halisi, na alisimama, akainama kwa adabu, akakaa. Kisha nikasema, na maneno haya yamo kwenye video: "Sasa msinisikilize mimi. Msikieni Bibi Mdogo mwenyewe."

Bibi Mdogo alikuwa mbele kabisa kwenye mkeka, fulana ya njano kaivaa juu ya baibui. Kompyuta ilikuwa mikononi mwa mpwa wangu, miaka 12. Nilikuwa nimemkatia kipande cha sekunde 30. Yeye akafungua faili zima, akaisogeza mpaka dakika ya tisa, pale pale nilipoishia kusikiliza.

"Alikuwa paazi," ikasema spika.

Turubai lilitaka kupaa. Baba Mkubwa akasimama na fimbo yake juu. Shangazi wa Mbagala akaingia katikati kucheza. Mimi nikamwinulia mpwa mkono, maana yake zima. Yeye akaniinulia dole gumba.

Kisha spika ikafanya: *pweh*.

Alikuwa ametema ugoro. Siku ile sikuusikia ule mtemo, nilikuwa Muscat nagawa ardhi. Kwenye spika ya kigodoro ulikuwa kama ndoo ya maji imemwagwa juu ya bati. Watu wakanyamaza. Na kinywa kikiwa kitupu, sauti ya Bibi Mdogo ikatoka imenyooka, safi, kama taarifa ya habari ya saa mbili usiku:

"Pa-ga-zi. Mpagazi. Mnyamwezi yule."

Sijui kama mmewahi kusikia turubai zima linaacha kutafuna. Kuna mtu alikuwa na kipande cha tikiti mdomoni; nilisikia mbegu ikidondoka.

"Alikuja na msafara, ana pembe begani. Mguu ukamwoza, wenzake wakamwacha."

Halafu ikasikika sauti ya kijana mmoja mpumbavu, changamfu kabisa: "Safi sana, Bibi."

"Akawa analala banda la mbuzi."

"Mhm."

"Bibi yetu akamwonea huruma, akawa anampelekea uji. Kwanza mchana. Baadaye usiku."

"Mashaallah."

Hapo mtu wa nyuma alishindwa. Alianza kama anakohoa. Mimi miguu ilikuwa imegoma. Nilikuwa nasikia kila neno kwa mara ya kwanza maishani, ilhali sauti inayoitikia ni yangu.

"Alipopona, kijiji kizima walikuwa wanamtuma yeye. Kuni yeye, maji yeye, magunia yeye. Hakuna aliyemshinda kubeba, babu yangu. We mjukuu, unanisikiliza?"

"Nakusikiliza, Bibi. Na alikuwa anatawala mpaka wapi?"

"Atawale nini, na kidonda chote kile?"

Nikageuka niikimbilie kompyuta. Kugeuka ndiko kulikonimaliza. Nilikuwa nimewapa uso muda wote. Sasa turubai zima likasoma mgongo wangu. HAUBEBI MZIGO.

Nadhani kule barabarani bodaboda walisikia. Shangazi wa Mbagala alikaa chini, si kwa hiari. Imamu, mtu mzima, mwenye heshima zake, alijifunika uso kwa kofia. Na Bibi Mdogo, aliyekuwa anasinzia, akaisikia sauti yake mwenyewe, akazinduka akainua kidole: "Ndiyo mimi huyo! Nilimwambia kweli tupu, yuko na misimu yake miwili, hanisikilizi!" Misimu ndiyo simu. Mbili.

Mtani alinyanyuka polepole. Akatoka. Nikadhani kaniheshimu, kaniachia nafasi ya aibu yangu. Akarudi na lile gunia, lililobaki nusu, akaliweka miguuni pangu, akakung'uta viganja.

"Beba, ndugu."

Hakusema mtani. Alisema ndugu. Na mimi, sijui ni damu ama ni kuchanganyikiwa, nikalibeba. Nikatoka nalo nje mpaka barabarani, nikasimama nalo huko kama robo saa, kwa sababu sikuwa na pa kulipeleka na sikutaka kurudi.

Yaliyofuata ni mafupi. Baba Mkubwa alitangaza kwamba Uzaramoni ukoo unafuata mama, bibi yetu alikuwa Mzaramo, kwa hiyo hakuna kilichobadilika. Alitangaza hivyo akiwa kaigeuza fulana ndani nje. Watoto walipata kalamu ya maka wakaongeza "ga" kwenye fulana zote walizozikuta kwenye kamba. Shangazi alijitoa kwenye grupu, akarudi, akajitoa tena. Binamu wa Muscat kauliza kama kuna ardhi Tabora. Mtani kanunua fulana kumi kwa bei ya hasara kuwapelekea kwao, na ananidai elfu 20 na jogoo, anasema ndugu hatozwi hongo.

Lakini kuna kitu kinaninyima usingizi. Itazameni tena ile video, mwanzo wake kabisa. Simu imetulia. Imeshikwa vizuri, imenielekea usoni, na inaanza kabla Bibi hajatema. Nani anarekodi uso wa mtu anayesoma historia ya ukoo? Watu wote walikuwa wanatazama shuka. Na lile gunia asubuhi, na ile ahsante?

Juzi ndipo nikakumbuka. Wiki mbili kabla ya arobaini nilimtumia faili zima, dakika zote 52, anisaidie kupunguza kelele za kuku, maana yeye ndiye fundi wa mambo hayo.

Kwa hiyo jana usiku nikakaa chini, simu moja tu, nikaisikiliza yote. Au niseme karibu yote. Dakika ya 41 Bibi Mdogo anavuta pumzi, anacheka kidogo peke yake, anasema, "Sasa huyo wa upande wa pili, aliyefungwa kwa ajili ya mbuzi wa mwalimu wa madrasa..." Nikazima.

Asubuhi nikampigia mtani, nikamuuliza kwa upole aliisikiliza mpaka wapi.

"Mwangaluka, ndugu," akasema, akakata simu.