Kabla ya kumlaumu wa zamu, someni faili la Nagios

Juzi mwenzetu aliyekuwa zamu ya usiku alipewa barua ya onyo. Diski ya seva ya hifadhidata ilijaa, Nagios, programu inayofuatilia seva zetu na kutuma arifa, ilituma ujumbe mapema, naye hakushughulika. Hayo ni kweli. Lakini niliiomba simu yake nikahesabu. Kati ya saa nane na saa tisa usiku ziliingia jumbe 129. Wa diski ulikuwa mmoja. Zile 128 zilitokana na swichi moja iliyozimika, kifaa kinachoziunganisha seva na mtandao: seva 64 zilizo nyuma yake zikatangazwa kuwa zimekufa, na nusu saa baadaye zikatangazwa tena, zote 64.

Hakuna hata moja kati ya seva hizo iliyokuwa na hitilafu. Na swichi yenyewe, iliyokuwa na hitilafu, haikuwemo kabisa kwenye ufuatiliaji.

Nimekasirika, na sifichi. Nilifungua mafaili ya mipangilio nikatafuta neno parents. Sikulipata hata mara moja. Miaka yote hii tumeorodhesha seva kana kwamba kila moja inaning'inia hewani peke yake, haipiti kwenye swichi wala ruta yoyote. Mstari huo mmoja ndio unaoiambia Nagios kwamba ili kuifikia seva hii, lazima upite pale. Ukiwepo, swichi ikifa, Nagios inaiita swichi DOWN na seva za nyuma yake inaziita UNREACHABLE, yaani hazifikiki, hatujui hali yake. Hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Ya kwanza inamwamsha mtu aende kwenye swichi. Ya pili haimpi mtu kazi yoyote ya kufanya.

Na hapa wengi huishia njiani. Wanaandika parents, halafu kwenye notification_options, orodha ya hali zinazotumiwa ujumbe, wanaacha herufi u (ya UNREACHABLE) palepale. Matokeo yake mvua ya jumbe ni ileile, neno tu ndilo limebadilika. Iondoeni u kwa seva zilizo nyuma ya swichi, mbakize d (DOWN) na r (imerudi kuwa hai). Kisha kumbukeni kwamba njia huchorwa kuanzia kwenye seva ya ufuatiliaji kwenda nje. Nimewahi kukuta mtu ameichora kutoka kwenye intaneti kuja ndani, na kila kitu kikageuka kichwa chini miguu juu. Seva yenye njia mbili nayo iandikiwe wazazi wote wawili, maana haihesabiwi UNREACHABLE mpaka wote wawe wameanguka.

Mkuu wetu aliniambia mipangilio ilikuwa sahihi kwa sababu nagios -v ilipita bila kosa. Amri ile inakagua kama umeandika sawasawa. Haijui waya zako zimepita wapi. Hilo anatakiwa kulijua mtu, na mtu huyo si wa zamu, ni sisi tulioandika mafaili.

Kuna waliosema ni heri kupata jumbe nyingi kuliko kukosa mmoja. Nakubali kwa shingo upande, kwa wiki ya kwanza ya seva mpya, wakati hujajua tabia yake. Baada ya hapo, wingi ndio unaokukosesha. Mtu aliyeamshwa mara 40 bila sababu hawezi kuusoma wa 41 kwa macho yaleyale. Sikio limechoka, na hakuna barua inayoponya uchovu huo.

Mengine kwa ufupi. max_check_attempts, idadi ya majaribio kabla hitilafu haijatangazwa, ikiwa 1, kila mtandao ukikohoa mtu anaamka. Iwekeni 3, na retry_interval, muda kati ya majaribio, dakika 1, mtachelewa dakika mbili tu kabla hali haijawa HARD, yaani hitilafu iliyothibitishwa. Asilimia 10 ya diski ya TB 4 ni GB 400, ya diski ya GB 20 ni GB 2, kwa hiyo kiwango kimoja cha onyo hakiwezi kufaa zote mbili. Inodi, yaani nafasi za kuorodhesha mafaili kwenye diski, nazo zifuatiliwe, kwani huisha wakati nafasi ipo tele. Na wanaosema tuhamie Prometheus, programu nyingine ya ufuatiliaji, sawa, ila hata huko Alertmanager, sehemu yake ya kutuma arifa, haitazuia arifa za ziada mpaka uiandikie kanuni za kuzizuia. Kazi ya kufikiri inakusubiri kulekule.

Jana tulikaa watu watatu na mchoro wa mtandao, tukaiingiza swichi, tukaandika mistari 64 ya parents. Ilituchukua asubuhi moja. Mchana tukachomoa waya wa swichi kwa makusudi, simu zikiwa mezani. Ukaingia ujumbe mmoja.

Ile barua ya onyo bado iko kwenye jalada la mwenzetu. Naomba ifutwe wiki hii, na jina langu liandikwe kwenye ripoti ya tukio kama mmoja wa walioandika mipangilio ile.