Ada ya wakili wa mirathi isipimwe kwa ekari

Baba alipofariki alituachia ekari mbili na nusu, akiba kidogo kwenye sako, na hati miliki aliyokuwa ameifunga kwa karatasi ya nailoni chini ya godoro. Hatukuwa na mvutano wowote: mama mmoja, watoto wanne, na sote tulishakubaliana. Nikampeleka mama mjini kwa wakili tuliyeelekezwa na jirani. Alipekua faili, akauliza shamba liko wapi. Aliposikia liko kando ya lami, akaigeuza nakala ya cheti cha kifo na kuandika nyuma yake: 380,000. Mama alivua miwani, akaipangusa kwa leso, akaivaa na kusoma upya.

Tangu siku hiyo najiuliza ni kazi gani hasa iliyokuwa ikiuzwa pale. Mirathi isiyo na ugomvi hapa Kenya inataka barua ya chifu inayotaja warithi, cheti cha kifo, ombi la usimamizi na viapo vyake, idhini ya warithi na wadhamini. Kisha tangazo linatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwenye pingamizi anapewa siku 30. Hati ya usimamizi, ambayo wengi tunaiita granti, ikishatoka, kwa kawaida inapita miezi 6 kabla ya mahakama kuithibitisha ili mali igawanywe. Muda mwingi ni wa kungoja, na wanaongoja ni wenye msiba.

Najua jibu la mawakili: kanuni za malipo yao zinapanga ada ya mirathi kwa kufuata thamani ya mali. Hapo ndipo ninapokataa. Shamba letu lilipanda bei kwa sababu barabara ilitiwa lami. Fomu hazikuongezeka hata ukurasa mmoja.

Sisemi wafanye kazi bure. Marehemu akiwa ameacha nyumba mbili zisizoelewana, hati ikiwa bado na jina la babu, au mtu akiweka pingamizi, wakili mzuri anaokoa familia, na mimi mwenyewe ningemlipa bila kunung'unika. (Na ukiona bili imezidi, una haki ya kudai mchanganuo wake, na msajili wa mahakama anaweza kuikagua. Wateja wengi hawaambiwi hivyo.)

Kinachoniuma ni kule bei hizi zinakowasukuma watu. Familia inaogopa wakili, inagawana shamba kwa mdomo, na baada ya miaka michache kaka mmoja anauza kipande. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inasema kuingilia mali ya marehemu bila idhini ni kosa: faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mnunuzi naye amelipa pesa zake na hati haipati. Kwetu kuna mashamba yanayolimwa hadi leo kwa majina ya watu waliozikwa kabla sijazaliwa.

Uingereza na Wales, tangu Desemba 2018, kampuni za mawakili zinalazimika kutangaza bei zao za mirathi isiyo na mgogoro kwenye tovuti zao. Nataka sheria kama hiyo hapa. Mjane aijue bei kabla hajapanda matatu, na bei hiyo ihesabiwe kwa kazi.

Sisi mwishowe tulijaza wenyewe. Karani wa masijala alimwonyesha mama kwa kidole kila mahali pa kutia sahihi. Tulirudishwa mara moja, kwa kuwa jina la baba kwenye kitambulisho lilipishana na la hati miliki kwa herufi moja, tukaenda kuapa kwa kamishna wa viapo. Risiti zote, hata za nauli, mama amezifunga kwa mpira ndani ya ile nailoni. Jumla yake haifiki robo ya 380,000.