Cuernavaca wamelitunza jina lao, Naivasha je?

Mkenya akihamia Cuernavaca, mji mkuu wa jimbo la Morelos huko Meksiko, haoni ugeni mkubwa. Uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, joto lake halichoshi, na mijakaranda imejaa, ila huko huchanua Februari hadi Aprili. Matatu zao huitwa rutas. Makanga hakuna: unamlipa dereva ukipanda, basi weka sarafu mkononi mapema, na ukikaribia kushuka unapaza sauti, "¡Bajan!" Ramani isikudanganye. Makorongo marefu yameukata mji, na mitaa miwili inayotazamana yaweza kukuzungusha mbali ukitafuta daraja.

Ila kwenye jina, hawa wametushinda kabisa.

Kwa Kihispania, Cuernavaca linasikika kama "pembe ya ng'ombe", na wageni wengi huamini hiyo ndiyo asili yake. Haiwezekani. Ng'ombe waliletwa na Wahispania, na mji ulikuwepo kabla yao. Watlahuica, wenyeji wake, waliuita Cuauhnahuac kwa Kinahuatl, tamka Kwau-nawak: cuahuitl ni mti, nahuac ni karibu na. Askari wa Hernán Cortés, kamanda wa Kihispania, walioushambulia Aprili 1521, walishindwa kulitamka, wakashika maneno ya kwao yaliyofanana nalo.

Tazama lilivyochorwa kwenye Kodeksi ya Mendoza, kitabu cha michoro cha karne ya 16: mti, shinani pana mdomo, na mdomoni panatoka alama iliyojikunja, ndiyo sauti. Mti unasomeka cuauh. Sauti inasomeka nahuac, kwa kuwa mzizi huo hutaja pia usemi unaosikika vizuri. Mti huo unaozungumza ndio nembo ya mji mpaka leo. Mtoto wa shule anauona, anauliza, anajibiwa.

Kwetu, Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai ya maji baridi, na Naivasha ni Nai'posha, maji yanayochafuka, lililopindwa na Waingereza vilevile. Hayo utayakuta zaidi kwenye vitabu vya watalii. Kaunti ziyaandike kwenye vibao vya kuingilia mjini, jina la asili chini ya jina rasmi. Kabla fundi hajashika brashi, wazee wanaokizungumza Kimaasai wasikilizwe kwanza, tena zaidi ya mmoja, kwa sababu matamshi hutofautiana na kosa lenyewe lilianzia kwenye sikio la mgeni.